Wazazi wanapoitwa Canada kumwona mjukuu: Afya iandaliwe kabla ya mabegi

Dar es Salaam. Kwa familia nyingi zenye mtoto ughaibuni, ahadi hutolewa siku ileile anayoondoka: “Nikitulia nitawaita.” Hupita miaka mitano, kumi, wakati mwingine zaidi. Siku viza inapotoka, ukoo mzima hupata habari. Shangazi analeta dagaa, jirani analeta unga wa muhogo, na fundi anaitwa kumpima mzee koti.

Kinachosahaulika katika shamrashamra hizo ni kwamba wanaosafiri si vijana tena. Baba ana presha, mama ana sukari, goti la mmoja wao linasumbua, na pengine hakuna kati yao aliyewahi kupanda ndege.

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu wa Muheza, mkoani Tanga, mwenye miaka 68, na mkewe wa miaka 62. Wanaondoka Oktoba kwenda Toronto, Canada, kwa binti yao aliyejifungua mtoto wa kwanza. Mzee anameza dawa za presha kila siku, mama anachoma insulini. Wanatarajia kukaa miezi tisa, hadi mjukuu asimame dede. Furaha yao ni kubwa, lakini yapo mambo ya afya ambayo yakiachwa hadi wiki ya mwisho, safari iliyosubiriwa miaka inaweza kuishia wodini.

Vipimo huanza kabla ya viza

Canada ina viza maalumu kwa wazazi na mababu wa raia wake na wa wakazi wa kudumu, maarufu kama ‘super visa’. Tangu Julai 2022, mwenye viza hiyo anaweza kukaa hadi miaka mitano kwa safari moja. Anayeiomba hulazimika kupimwa afya na daktari aliyeidhinishwa na Canada. Cheti cha daktari mwingine hakikubaliki.

Kwa watu wazima, vipimo hivyo hujumuisha picha ya kifua, mkojo, na damu kwa ajili ya Virusi vya Ukimwi (VVU) na kaswende. Wenzi wengine hujua kwa mara ya kwanza kwamba damu yao itapimwa VVU wakiwa tayari wamekaa kwenye benchi la kliniki. Ni vyema mtoto aliyewaalika awaeleze mapema, ili baba na mama wazungumze wenyewe kabla ya kwenda.

Picha ya kifua nayo ina mambo yake. Aliyewahi kuugua kifua kikuu, hata kama alipona miaka mingi iliyopita, anaweza kubaki na makovu kwenye mapafu. Daktari akiyaona anaweza kuagiza makohozi yaoteshwe maabara, kazi inayochukua wiki kadhaa. Kumbukumbu za matibabu ya zamani zitafutwe na kubebwa, na tiketi isikatwe kabla ya majibu.

Bima: Usifiche ugonjwa

Kadi ya bima ya afya ya Tanzania haimtibu mtu Toronto, na bima ya serikali ya jimbo la Ontario haigharamii wageni. Ndiyo maana mwombaji wa ‘super visa’ hutakiwa kuwa na bima ya angalau dola 100,000 za Canada, inayodumu mwaka mmoja au zaidi, na inayogharamia matibabu, kulazwa na kurudishwa nyumbani. Kurudishwa huko ni pamoja na kusafirisha mwili endapo msafiri atafariki, jambo ambalo hakuna anayependa kulitaja mezani lakini lina gharama kubwa.

Wanaokwenda kwa viza ya kawaida ya matembezi hawalazimishwi kuwa na bima, na hapo ndipo familia nyingi huona pa kubana matumizi. Usiku mmoja wa kulazwa unaweza kumwachia mtoto deni la kulipa kwa muda mrefu.

Eneo linaloumiza zaidi ni ugonjwa aliokuwa nao mtu kabla ya kukata bima. Kampuni nyingi hukubali kugharamia presha au sukari pale tu hali inapokuwa imetulia, maana yake dawa wala dozi haijabadilishwa kwa kipindi kilichotajwa kwenye mkataba. Mzee akibadilishiwa dawa ya presha wiki mbili kabla ya safari, kisha akapata kiharusi akiwa huko, kampuni inaweza kukataa kulipa.

Kwa hiyo kliniki ya mwisho isisubiri wiki ya safari. Wazazi wamwone daktari wao miezi kadhaa kabla, dozi irekebishwe mapema, kisha itulie. Na fomu ya bima ijazwe kwa ukweli. Kuficha sukari ili malipo yapungue ni sawa na kununua mwavuli wenye tundu.

Kukaa miezi tisa, dawa za siku 90

Canada humruhusu mgeni kuingia na dawa zake za cheti kwa matumizi ya siku 90 tu, au dozi nzima ya tiba kama ni fupi kuliko hapo. Dawa ziwe kwenye vifungashio vyake vya awali. Vidonge vilivyomwagwa kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka au kufungwa kwenye karatasi vinaweza kuzua maswali mpakani.

Kwa wenzi wa Muheza, maana yake binti yao atafute daktari wa huko kabla hawajafika, ili dawa zinapokaribia kuisha wapate cheti kipya. Barua ya daktari wa nyumbani iandikwe kwa Kiingereza, itaje ugonjwa, dozi, na jina halisi la dawa badala ya jina la kibiashara pekee, kwa kuwa majina ya kibiashara hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Dawa zote zikae kwenye begi la mkononi. Mabegi ya chini huweza kupotea au kuchelewa, na insulini iliyoganda kwa baridi haifai tena kutumika. Sheria ya vimiminika visivyozidi mililita 100 hulegezwa kwa dawa, mradi msafiri azitoe na kuzionyesha kwenye ukaguzi pamoja na barua ya daktari.

Mizizi, majani na unga wa dawa za kienyeji, sambamba na vyakula vyote, vitajwe kwa maofisa wa forodha. Kutangaza kitu kikazuiliwa ni hasara ndogo kuliko kukificha kikakutwa.

Saa 14 kwenye kiti

Kutoka Dar es Salaam kwenda Toronto lazima kuunganisha ndege, iwe Addis Ababa, Dubai, Doha, Istanbul au Amsterdam. Kipande cha Dubai hadi Toronto peke yake huchukua takriban saa 14 angani.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliotolewa 2007 ulionyesha kuwa kusafiri kwa saa nne au zaidi bila kujongea huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya uwezekano wenyewe ni mdogo, takriban mmoja kati ya wasafiri 6,000. Lakini hupanda kwa mwenye uzito mkubwa, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye saratani, au aliyewahi kuganda damu. Hatari ni pale donge linapong’oka mguuni na kwenda kuziba mshipa wa mapafu.

Kinga yake ni rahisi: kusimama na kutembea kwenye njia ya ndege kila baada ya saa moja au mbili, kukunja na kunyoosha vifundo vya miguu ukiwa umekaa, kunywa maji, na kuepuka dawa za usingizi zinazomfanya mtu alale akiwa amejikunja. Wenye hatari zaidi wamuulize daktari kuhusu soksi maalumu za kubana.

Wazee wengi hufanya kinyume. Kwa kuona haya kumsumbua jirani wa kiti wakienda chooni, huacha kunywa maji, na wengine huruka kidonge cha presha kinachoongeza mkojo. Mtoto achague viti vya pembeni mwa njia anapokata tiketi, na suala la kidonge hicho liamuliwe na daktari.

Baada ya kufika, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukata ghafla, hata wiki kadhaa baadaye, ni dharura. Namba ya dharura Canada ni 911.

Jambo jingine ni hewa. Ndani ya ndege huwa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, sawa na kukaa Njombe au juu zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu apate ruhusa ya daktari kwanza. Na mwenye goti bovu asione aibu kuombewa kitimwendo. Mashirika ya ndege hutoa huduma hiyo bila malipo, na ni vizuri iombwe saa 48 kabla. Faida yake ya ziada ni kwamba anayekisukuma humfikisha mgeni hadi lango la ndege inayofuata.

Saa 2 ya nyumbani, saa 7 usiku ya Toronto

Toronto iko nyuma ya Tanzania kwa saa saba wakati wa kiangazi chao na saa nane wakati wa baridi. Kidonge anachomeza mzee saa 2 asubuhi Muheza, Oktoba kitaangukia saa 7 usiku Toronto. Kuna mkanganyiko mwingine: saa ya Kiswahili na saa inayosomwa kwenye simu. Daktari wa huko akiandika “8:00”, mama asije akaisoma kuwa saa 8 mchana wakati ni saa 2 asubuhi.

Kwa vidonge vya mara moja kwa siku, kuhamia asubuhi ya Toronto kwa kawaida si tatizo, lakini mpango uandikwe na daktari. Insulini inahitaji umakini zaidi. Ukielekea magharibi siku hurefuka, ukirudi mashariki hufupika, na dozi hubadilika kufuatana na hilo. Mama aondoke na karatasi yenye saa na dozi za siku ya safari, mashine ya kupima sukari mkononi, na kitu kitamu begini iwapo sukari itashuka.

Bibi mpya, malezi mapya

Mtoto mchanga wa Ontario huanza chanjo akiwa na miezi miwili. Kabla ya hapo kinga yake dhidi ya kifaduro ni ndogo, na huweza kuambukizwa na watu wazima wanaompenda. Wazazi waulize kuhusu chanjo ya kifaduro kwa watu wazima, ikiwezekana wiki mbili kabla ya kumpakata mtoto, na chanjo ya mafua kwa kuwa msimu wake huanza karibu na Novemba.

Lipo pia suala la nani anajua kulea. Bibi anaamini mtoto anywe maji kidogo na afunikwe blanketi zito. Binti ameambiwa na wauguzi kwamba mtoto alale chali, kitandani pasiwe na mto wala blanketi lililolegea, na apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Hilo la maziwa ndilo linalofundishwa hata kliniki za Tanzania. Mazungumzo haya yafanyike kwa simu kabla ya safari. Yakisubiri usiku mtoto analia, kila mmoja husikia kama anadharauliwa.

Homa si mafua tu

Wenzi wanaotoka eneo lenye malaria wanaweza kuondoka na vimelea mwilini wakiwa hawajisikii vibaya. Daktari wa Toronto anayemwona mzee mwenye homa Novemba atafikiria mafua kwanza. Neno moja linaweza kuokoa maisha: “Nimetoka Tanzania, nipimwe malaria.” Lisemwe mlangoni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo.

Siku fupi, nyumba kimya

Desemba, jua la Toronto huzama kabla ya saa 11 jioni. Binti akirudi kazini na mkwe akiwa kazini, mzee aliyezoea kusalimiwa na kijiji kizima anabaki na dirisha na theluji. Mama ana mjukuu wa kumshughulisha, baba hana. Kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, na kauli ya “nirudisheni nyumbani” si ukaidi wa uzee.

Familia impe ratiba: msikiti au kanisa, Watanzania wa mji huo, kazi ndogo ya nyumbani, matembezi ya mchana. Viatu visivyoteleza vinunuliwe kabla ya koti la fasheni, kwani kuanguka kwenye barafu katika umri huo huweza kuvunja nyonga.

Wanaporudi

Baada ya miezi tisa bila kuumwa na mbu wa malaria, kinga waliyoijenga Muheza kwa miaka hupungua. Wanaporudi Julai, homa ambayo zamani wangeitembea nayo inaweza kuwalaza. Chandarua kitundikwe kabla hawajatua, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo.

Kama ndege ya kurudi inapitia nchi yenye homa ya manjano na wakakaa uwanjani zaidi ya saa 12, wataulizwa cheti cha chanjo. Chanjo hiyo huchomwa angalau siku 10 kabla, na tangu 2016 cheti chake hudumu maisha yote. Kwa hiyo ichomwe kabla ya kuondoka na cheti kikae pamoja na pasipoti.

Tarehe ya kliniki ya presha na ya sukari nayo ipangwe kabla ya kuondoka, iwe ndani ya wiki ya kwanza ya kurejea. Waende na karatasi za daktari wa Canada, ili wa Muheza ajue wamebadilishiwa nini.