Miaka Minne Chuoni Si ya Kujifunza Kuchua

Ripoti ya mwaka ya idara ya fiziotherapia katika chuo kikuu huorodhesha wahitimu, tafiti zilizochapishwa, vifaa vilivyonunuliwa na hospitali zilizokubali kupokea wanafunzi. Haigusi swali ambalo idara hiyo huulizwa kila mahafali: kijana anakaaje chuoni miaka minne akijifunza kuchua?

Swali lina mzizi wake. Mwaka 1894, jijini London, wauguzi wanne waliunda chama cha wachuaji wa kike waliofunzwa, na ndicho kilichokuja kuitwa chama cha wanafiziotherapia wa Uingereza mwaka 1944. Katikati ya miaka hiyo kazi ilibadilika. Vita viwili vya dunia vilirudisha majeruhi waliokatwa miguu, na polio iliacha watoto waliopooza. Hao hawakuinuka kwa kuchuliwa, waliinuka kwa kufundishwa upya kukaa, kusimama na kutembea. Anayeuliza swali lile leo amechelewa karne nzima.

Imani kwamba fiziotherapia ni kuchua tu hudhuru zaidi pale mtu anapopatwa na kiharusi. Ndugu huanza kutafuta mchuaji, mafuta ya mbuni na beseni la maji ya moto, na mkono uliolegea hukandwa asubuhi na jioni. Mkono huo hauna kosa. Kiharusi ni ajali ya mishipa ya damu kichwani: sehemu ya ubongo imekosa damu au imevujiwa nayo, na amri ya kusogeza vidole haitoki. Hakuna mafuta yanayopenya ngozi ya kiganja yakafika ubongoni. Sehemu za ubongo zilizosalia hujifunza kazi mpya kwa mgonjwa kujaribu mwenyewe tendo lenye maana, kama kushika kikombe au kuinuka kitini, tena na tena, mamia ya mara. Anayelala akichuliwa hajifunzi kitu, kwa sababu anayefanya kazi ni mchuaji.

Basi mbona wapo wanaopona mikononi mwa wachuaji? Kwa sababu ubongo hurejesha sehemu ya uwezo wake wenyewe, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Mchuaji akifika wiki ya pili, sifa zote ni zake. Wasiopona huambiwa walichelewa.

Hasara nazo zinajulikana. Bega lililopooza halishikiliwi na misuli, hivyo mkono ukivutwa fundo huachana na maumivu hudumu kwa miezi. Ngozi iliyopoteza hisia huungua kwa maji ya moto bila mwenyewe kujua. Mguu uliovimba huenda una damu iliyoganda mshipani, na ukikandwa bonge laweza kung'oka likaziba mapafu, mgonjwa akafariki. Kiwiko kilichovunjika kikichuliwa, mfupa waweza kuota ndani ya msuli na mkono usikunjuke tena. Kuchua kuna nafasi yake: hulegeza msuli uliokaza na kutuliza maumivu kwa muda. Nafasi hiyo haijazi hata muhula mmoja wa masomo.

Miaka minne hujazwa na anatomia, fiziolojia, sayansi ya mwendo na magonjwa, kisha wodi. Mwanafunzi hujifunza kumsaidia mgonjwa aliyetoka kwenye mashine ya kupumulia kutoa makohozi, kumfundisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo kukaa, na kuandaa kigutu kwa mguu bandia. Hapo ndipo ukuaji wa idara hupimwa: walimu wa kutosha kumsimamia mwanafunzi kitandani kwa mgonjwa, na hospitali iliyo karibu. Moshi ni mfano mzuri. Fiziotherapia hufundishwa pale KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, na jirani yake ni TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanzishwa mwaka 1981. Mwanafunzi aweza kumfuata mgonjwa mmoja tangu kukatwa mguu hadi kutembea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wana hali zinazohitaji huduma za utengamao, na hao wanahitaji wahitimu waliofunzwa kando ya vitanda; jengo jipya la idara lisilo na msimamizi wa wodini ni hesabu tupu.

Yanayofaa kufanywa ni machache. Kiharusi: hospitali mara moja, mtu asisubiri kukuche. Bega litegemezwe kwa mto, mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, asikurupushwe kutembea saa 24 za mwanzo bila ushauri, na dawa za shinikizo la damu zisiachwe. Mfupa: eksirei kwanza, kisha vidole vilivyo nje ya plasta vichezeshwe. Mgongo wa kawaida: kutembea, wala si kulala wiki nzima, lakini miguu ikikosa nguvu, mapaja yakifa ganzi kwa ndani au mkojo ukigoma kutoka au ukitoka bila kuzuilika, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mtoto wa mguu kifundo: apelekwe wiki za mwanzo akafungwe plasta za kunyoosha, kisha viatu vyake maalumu avae miaka yote anayoagizwa. Na mgonjwa anayetoka kliniki ya fiziotherapia bila zoezi la kufanya nyumbani, arudi akalidai.