Anayetaka kazi ya afya asiiache Fizikia kwa uvumi

KATIKA shule za upili za Kitui na Makueni, mwanafunzi anayetamani kuvaa koti jeupe huchagua Biolojia na Kemia bila kusita, kisha hukwama penye Fizikia. Wapo wanaoambiwa kuwa bila somo hilo hakuna udaktari. Wapo pia, hasa wasichana, wanaolikimbia kwa kusikia tu kwamba ni gumu. Wote wamepotoshwa, na kosa hugunduliwa matokeo yakishatoka.

Kwa watahiniwa wa KCSE, mtihani utakaofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2027, masomo yanayotumiwa kukokotoa alama za kusomea udaktari chuoni ni Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Zingatia hilo neno "au". Anayelemewa na Hisabati ilhali anaimudu Fizikia ana mlango wa pili. Aliyeiacha Fizikia hana. Stashahada ya uuguzi ya KMTC, chuo chenye matawi Kitui, Mwingi, Makueni na Makindu, nayo huhitaji Biolojia pamoja na somo moja kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati.

Lakini kwa anayetaka kupiga picha za eksirei, au kuhudumia na kukarabati mashine za hospitalini, Fizikia haina mbadala. Hizi ni kazi ambazo wanafunzi wengi hata hawazifikirii, kana kwamba hospitali ni ya madaktari na wauguzi pekee.

Isitoshe, somo lenyewe si geni kwa mkazi wa Ukambani. Tangi la maji huinuliwa juu ya jukwaa ili maji yashuke kwa nguvu hadi mferejini. Dripu ya mgonjwa huning'inizwa juu ya kitanda kwa sababu iyo hiyo. Ikishushwa chini ya mkono, damu huweza kurudi katika mrija. Ile 120 kwa 80 ya mtu mwenye presha ya kawaida nayo ni milimita za zebaki.

Hofu ya kuharibu gredi ina msingi, ila isitiwe chumvi. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya jumla hutokana na Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano aliyofanya vyema zaidi mtahiniwa. Anayefanya masomo manane, Fizikia ikimwendea mrama, huweza kuachwa nje ya hesabu hiyo.

Kwa Gredi ya 10, ambayo wanafunzi wake wa kwanza waliingia Januari 2026, uamuzi huja mapema zaidi: masomo matatu ya kuchagua, angalau mawili kati yake yakiwa ya mkondo aliouchagua mwanafunzi. Biolojia, Kemia na Fizikia huweza kwenda pamoja, ingawa si kila shule inayofundisha mseto huo. Mzazi na aulize kabla ya kukubali nafasi, na aulize pia kama maabara ina vifaa vya majaribio ya Fizikia.