Je, Wajua? Bao la Bahati na Bao la Uwezo

Je, wajua kwamba msimu wa 2017/18 mshambuliaji wa Kenya, Michael Olunga, alichezea Girona katika ligi kuu ya Uhispania, na mabao yake yote ya ligi yakatoka katika mechi moja? Alifunga matatu Januari 13, 2018, Las Palmas walipolazwa 6-0. Aliyemwona siku ile tu angemtawaza mfalme. Aliyeziona mechi zilizosalia angesema hafai. Wote wawili wangekosea, kwa sababu idadi ya mechi ilikuwa ndogo mno kumpima mshambuliaji.

Je, wajua kwamba Novemba 24, 2019 Olunga huyo huyo alifunga mabao 8 peke yake, Kashiwa Reysol ilipoinyuka Kyoto Sanga 13-1? Hiyo ilikuwa ligi ya daraja la pili ya Japani, siku ya mwisho ya msimu. Alimaliza na mabao 27. Sasa yatoe yale 8 ya siku ya mtende kuota: yanabaki 19, na mshambuliaji mwenye mabao 19 si wa kubahatisha. Mwaka uliofuata timu ikiwa imepanda daraja, alifunga 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Akahamia Al Duhail ya Qatar, akawa mfungaji bora wa ligi ya huko 2021/22, akarudia 2022/23. Jambo likijirudia mbele ya mabeki wa nchi mbili tofauti, huo ni uwezo.

Je, wajua kwamba penalti tano haziwezi kumpima kijana? Chukua majaribio ya timu katika uwanja wowote wa Sigalagala, kando ya barabara ya Kisumu–Kakamega. Kijana wa kwanza ana uwezo wa kufunga penalti 9 katika kila 10. Wa pili hufunga 3 katika kila 4. Kila mmoja akipewa tano, yule bora atakosa angalau moja karibu mara 4 katika kila majaribio 10, na yule wa pili atafunga zote tano karibu mara moja katika kila nne. Kuna siku, basi, mnyonge atachukua jezi na hodari atarudi nyumbani. Hakuna aliyependelewa. Hesabu tu ndiyo iliyokuwa fupi.

Je, wajua kwamba mchezo uliolichunguza jambo hili kwa kina kuliko mingine ni besiboli? Kule mpigaji anayefaulu mara 3 kati ya 10 huhesabiwa mzuri. Mwaka 1970 Roberto Clemente alifaulu mara 18 katika mapigo yake 45 ya kwanza, yaani asilimia 40. Katika mapigo yaliyobaki alishuka hadi karibu asilimia 35. Hakulogwa; mapigo 45 yalikuwa machache mno kumpima. Wanatakwimu Bradley Efron na Carl Morris walichukua wapigaji 18 wa msimu ule, wakaivuta hesabu ya kila mmoja kuelekea wastani wa wote, na utabiri wao ukawa karibu zaidi na ukweli kwa wachezaji 16.

Je, wajua kwamba mwaka 2001 mchambuzi wa takwimu Voros McCracken alionyesha kuwa mrushaji wa besiboli hana usemi mkubwa juu ya mpira ukishapigwa na kubaki uwanjani? Kama utadakwa au utaanguka penye nafasi, hilo hutegemea sana wadakaji na bahati.

 

Je, wajua kwamba Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003? Bahati ilikuwepo, tusiikatae: New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, tukapewa pointi za bure. Lakini Sri Lanka walikuja, na Februari 24 wakapigwa kwa mikimbio 53, Collins Obuya akiwaangusha wapigaji watano. Ushindi huo ulikuwa wa jasho. Kosa lilikuwa baadaye, kudhani nusu fainali moja imeshajenga mchezo. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Je, wajua kwamba Kakamega Homeboyz walimaliza ligi kuu ya soka ya Kenya ya 2021/22 kwa pointi sawa na Tusker, wakakosa ubingwa kwa tofauti ya mabao tu? Wapo waliosema ni gundu. Kwangu mimi, timu inayolingana na bingwa kwa pointi za msimu mzima ni timu kubwa, kombe liwe kabatini au lisiwe. Mwaka uliofuata walitwaa Kombe la FKF, shirikisho la soka la Kenya.

Basi wewe kocha, mwalimu wa michezo au mzazi hapa Sigalagala, nunua daftari. Andika dakika alizocheza kijana, mashuti yaliyolenga goli, nafasi alizowatengenezea wenzake na mipira aliyopokonya, si mabao peke yake. Endelea hivyo muhula mzima kabla ya kumwambia mtoto yeyote kwamba mpira si wake.