CD4 Iko Juu na Bado Unaugua? HIV Inaweza Kuwa na Mwenzake

Kila msee anajua HIV. Lakini taja HTLV-1 mtaani, watu watadhani ni namba ya mathree. Huyu ni ndugu yake HIV, wote wa familia ya retrovirusi, na cheki, yeye ndiye alijulikana kwanza: HTLV-1 ilitangazwa 1980 na maabara ya Robert Gallo kule Marekani, HIV ikafuata 1983 huko Paris.

Noma ni kwamba unaweza kuwa nazo zote mbili. Zinapita njia zilezile: ngono bila kondomu, damu, kuchangia sindano, na mama kumwambukiza mtoto akinyonyesha. Salvador, Brazil, ambako HTLV-1 imekita mizizi, madaktari wamekutana na wagonjwa kama hao miaka mingi.

Sasa shika hapa. Zote mbili zinavamia seli ileile, CD4, askari wa mwili wako. HIV inamuua. HTLV-1 inamwacha hai, inamfanya ajizalishe, atoe kopi zake kibao. Kwa hivyo ukihesabu CD4 unawapata wengi, lakini kuna wale wamevaa yunifomu tu. Kupigana hawawezi.

Zamani hii iliumiza watu vibaya. Kabla ya 2015, WHO haikuwa imesema kila mwenye HIV aanze ARV mara moja. Ulikuwa unangoja CD4 ishuke. Mwenye virusi zote mbili angesoma 700, aambiwe yuko fiti, aende home. Siku hizi dawa haingoji, lakini CD4 bado inaangaliwa kuamua nani anahitaji kinga ya ziada dhidi ya magonjwa nyemelezi. Namba ikidanganya, mgonjwa anaachwa wazi.

Tusitishane lakini. Wengi wenye HTLV-1 hawaugui maisha yao yote. Wachache ndio wanapata ngori: miguu inakuwa mizito hadi kutembea ni shida, mkojo unasumbua, au saratani ya damu kali sana. Kuna pia minyoo inaitwa strongiloidesi, ambayo kwa mtu wa kawaida inatulia tumboni, lakini kwa mwenye HTLV-1 inaweza kusambaa mwili mzima na kuua.

Na ARV? Zinaibana HIV fiti kabisa, lakini HTLV-1 ikishakita haishtuki, kwa sababu inaongezeka seli yenyewe ikigawanyika. Unaweza kupima HIV isionekane hata kidogo kwenye damu, na huyo mwingine bado amekaa tu. Kipimo cha HIV hakimwoni. Ana kipimo chake. Chanjo haina, dawa ya kuimaliza pia haina.

Ndio maana ile stori ya "sisi wote tuko na HIV, kondomu ya nini?" ni uongo mtupu. Na kama uko kwa ARV, namba ziko sawa, lakini miguu inaanza kukukataa ama unashindwa kubana mkojo, mwambie daktari na umuulize kuhusu HTLV-1 kwa jina.