Vifuko vya Peremende kwa Hidaya ya Idi

Katika siku za mwisho za Ramadhani, wakati ambapo maduka ya Darajani mjini Zanzibar na vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa hujaa watu wanaotafuta nguo, viatu na viungo vya pilau, aghalabu utamwona mama au binti aliyekwisha kununua hayo yote akisimama mara ya mwisho mbele ya muuza peremende, akapimiwa kilo mbili tatu za aina mbalimbali, kisha akapita kwa muuza nguo kukata dhiraa chache za kitambaa chembamba, akarudi kwake kuanza kazi ambayo wengi huihesabu kuwa ya mchezo, ingawa kwa rai yangu ni katika kazi za heshima kubwa zinazofanyika nyumbani wakati wa sikukuu: kufunga vifuko vya tamutamu kwa ajili ya watoto.

Desturi ya mkono wa Idi yajulikana pwani nzima. Mtoto akishavikwa nguo mpya huzunguka kwa jamaa na majirani, akawaamkia babu na bibi, shangazi na wajomba, na kila mlango humpa sarafu au kitu cha kutia kinywani, hata alasiri ikifika akaelekea viwanja vya Mnazi Mmoja au Makadara kuitumia mali yake. Ng'ambo ya bahari, katika Omani, ambako zipo aila nyingi zinazosema Kiswahili kwa sababu ya wazee wao walioishi Unguja, Pemba na Mrima, watoto wana usiku wao mahsusi katikati ya Ramadhani uitwao Qarangasho, ambapo hutoka baada ya futari na mifuko mikononi, wakaimba mlango hata mlango na kukusanya peremende na njugu. Kuwait, Bahrain na Qatar wanao usiku kama huo kwa majina yao wenyewe, na huko kushona mifuko na kupanga vitu ndani yake kumekuwa shughuli ya nyumba nzima kwa siku kadhaa kabla.

Mtu aweza kuuliza kifuko kina faida gani, ikiwa tamu ya peremende ni ileile hata ikitolewa kwa konzi kutoka katika sinia. Faida yake ya kwanza ni insafu. Sinia ikiwekwa mlangoni, mtoto mkubwa mwenye mkono mwepesi huchota zaidi, na mtoto mdogo, au yule mwenye haya ambaye nguo yake ya Idi si mpya, husimama nyuma hata vitu vikaisha. Lakini vifuko vilivyofungwa kwa hesabu moja humfikia kila mmoja sawasawa, na mwana wa tajiri hapati utepe mzuri kuliko wa mwana wa mchukuzi. Faida ya pili ni taadhima, kwa maana kitu kilichofungwa kwa mkono humwambia apokeaye kwamba alifikiriwa kabla hajafika.

Ama katika kuchagua vya kutia ndani, ni lazima tabia ya kila kitu ijulikane, kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu mwingi na sukari huupenda unyevu. Peremende ngumu hutokana na sukari iliyochemshwa hata joto likakaribia nyuzi 150 za Selsiasi, maji yakaondoka yakabaki sehemu chache tu katika 100. Kwa hiyo kila punje iliyo tupu huanza kunyonya maji ya hewani, ikanata, ikashikamana na wenzake, na asubuhi ya sikukuu mtoto akapewa bonge moja badala ya punje kumi. Basi peremende ziwe zimeviringwa moja moja katika karatasi zake, nazo zitakaa siku nyingi bila kuharibika. Ubuyu uliopikwa kwa sukari, iliki na pilipili nao hutoa rangi na kunata, hivyo hutiwa kwanza katika kipeto chake cha karatasi ya nta. Kashata za njugu huvumilia kuliko kashata za nazi, kwa sababu nazi ina mafuta na maji ambayo huchacha upesi, na anayependa kutia za nazi hana budi kuzipika siku moja tu kabla ya kuzigawa. Chokoleti, ambayo mafuta yake huyeyuka karibu na nyuzi 34, haifai kwa mtoto atakayezunguka juani. Halua ni afadhali ibaki katika kikapu chake cha ukindu, maana huko ndiko kwenye stara yake.

Kitambaa cha melimeli au cha shela hukatwa kwa kuzungusha chaki pembeni mwa sahani ya chai au kubwa kidogo, konzi moja ya vitu ikawekwa katikati, ncha zikakusanywa na kufungwa kwa utepe. Asiye na kitambaa atumie karatasi safi ya kahawia, lakini gazeti lisiguse kitu kisicho na karatasi yake, kwani wino hutoka na kuingia katika chakula, hasa chenye mafuta. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, na mimi sioni hasara yoyote kwa kifuko cha Idi, kwa maana kitambaa hufuliwa kikatumika tena, na ukindu tulikuwa nao tangu azali. Lipo jambo jingine ambalo wengi hulisahau: vifuko visihifadhiwe katika kabati lenye udi, marashi au sabuni, kwa sababu tamutamu zenye mafuta hunyonya harufu, na kashata yenye ladha ya sabuni hairekebishiki.

Njia iliyo bora ya kufunga ni kutandika mkeka, vitambaa vyote vikapangwa juu yake kwa safu, kisha kila aina ya kitu ikazungushwa peke yake, kitambaa kwa kitambaa, kabla ya kuanza aina ya pili. Hapo hakuna kifuko kitakachopungukiwa, na watoto wa nyumba hiyo, wakishirikishwa, hujifunza kugawa kabla ya kujifunza kupokea. Vifuko vya walio chini ya miaka mitano vifanywe mbali na vitiwe alama ya utepe wa rangi nyingine, visiwe na njugu nzima wala peremende ngumu za mviringo, ambazo zaweza kumkaba mtoto roho kwa dakika moja. Kwao tende iliyotolewa kokwa na kukatwa vipande yatosha kabisa.

Basi, msomaji mpenzi, Idi ijayo ukikaa mkekani kwa kazi hii, hesabu watoto wa nyumba yako, uwahesabu na wa mtaa wako, kisha ufunge vifuko kadhaa zaidi ya hesabu hiyo kwa ajili ya watakaobisha hodi nawe huwajui, na hivyo visiwe na upungufu wowote kuliko vile vya wanao.