Jua Hufika Korogwe Kwanza

Sogeeni, wanangu. Sogeeni, mkeka ni mpana.

Mpwa wangu alikuja jana kutoka Handeni. Kabatini akaikuta saa ya marehemu babu yake, saa ya mfukoni, ya Kiingereza, ya kutia ufunguo. Akaniuliza, "Mjomba, eti kuna watu wananunua saa kuukuu kama hizi kwa mamilioni. Wana wazimu? Simu si inaonyesha saa?"

Swali zuri hilo! Mtoto anayeuliza hivyo nampa kitumbua cha pili. Nikaitia saa ufunguo, nikamwekea sikioni. Ti-ta, ti-ta.

"Inasema nini, Mjomba?"

Inasema hivi: "Ndani yangu kuna springi iliyobanwa. Inataka kufunguka yote kwa pupa, kama ninyi mnapoona sinia la vitumbua. Lakini mlangoni amesimama Bibi. Mmoja apite, ngoja. Mmoja apite, ngoja. Ti, nazuia. Ta, naachia."

Bibi huyo wa mlangoni alibuniwa na Mwingereza Thomas Mudge, karibu mwaka 1755. Hadi leo yumo ndani ya saa nyingi za ufunguo, hata zile za Waswisi, waliokuja kuwapita Waingereza kwa viwanda.

"Na kwa nini Waingereza walihangaika hivyo?"

Kwa sababu ya bahari, mwanangu. Baharini hakuna mwembe wala njia panda. Nahodha atajuaje yuko wapi? Sikiliza. Jua hufika utosini Korogwe kabla ya Handeni, kwa dakika karibu mbili.

"Mjomba! Kweli?"

Kweli. Korogwe iko mashariki zaidi. Sasa chukua saa inayofuata jua la Korogwe, nenda nayo Handeni, uilinganishe na kivuli cha mchana. Tofauti utakayoiona ndiyo itakayokwambia umekwenda magharibi kiasi gani. Nahodha naye hufanya hivyo hivyo, ila saa yake isiseme uongo. Na merikebu huyumba, joto huja, baridi huja, saa ikachoka.

Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi pauni 20,000 kwa atakayelitatua fumbo hilo. Nani aliweza? Maprofesa? Hapana. Ni seremala, John Harrison. Alihangaika karibu miaka 30. Saa yake ya nne, iliyokamilika 1759, ilikuwa na upana wa kisosi tu. Ilisafirishwa kwa merikebu hadi Jamaika, na baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa kwa sekunde tano. Sekunde tano! Mimi nikienda sokoni tu nachelewa nusu saa.

Hata huku kwetu saa hizo zilihitajika. Mwaka 1857 wavumbuzi wa Kiingereza, Burton na Speke, walipanda kando ya Mto Pangani, huu huu wetu, hadi Vuga kwa Mfalme Kimweri. Baadaye wakashika njia ya maziwa makuu, na huko saa zao zikawaharibikia. Wakafanyaje? Wakafunga risasi kwenye uzi, wakaibembeza, wakahesabu. Bembea ya risasi ikawa saa.

"Lakini Mjomba, leo kuna simu."

Ndiyo. Ndiyo maana anayenunua saa hizi hanunui wakati. Wakati anao bure. Ananunua mikono. Chungu cha kiwandani na chungu cha mfinyanzi vyote hupika maharage, lakini ukikishika cha mfinyanzi unaona alama za vidole vyake. George Daniels, fundi saa wa Kiingereza aliyefariki mwaka 2011, alitengeneza saa nzima peke yake, gurudumu kwa gurudumu. Moja aliitengeneza kwa heshima ya safari ya mwezini, kisha akaiuza. Akaijutia sana, akaketi akatengeneza nyingine kama ile! Ile ya kwanza iliuzwa mnadani London mwaka 2019 kwa zaidi ya pauni milioni 3.6. Mimi kwa pesa hizo ningenunua mashamba. Lakini yale majuto yake nayaelewa.

Basi kesho, kuanzia saa sita mchana, chomekeni kijiti uani, wa Korogwe na wa Handeni. Msilitazame jua, tazameni kivuli tu. Kikiwa kifupi kuliko vyote, mpigieni simu binamu yenu wa upande wa pili. Wa Korogwe ndiye atakayepiga kwanza.