Ukurutu kwa watu wazima: kazi kubwa hufanywa siku ngozi imetulia

Ukurutu hujulikana zaidi kama ugonjwa wa watoto, ule unaotokea mashavuni na kwenye mikunjo ya viwiko, kisha mtoto akikua ukaisha. Kwa wengine hauishi. Wapo pia wanaoanza kuupata wakiwa watu wazima, mara nyingi mikononi, shingoni au kwenye kope. Huwasha usiku, hutulia wiki mbili, kisha hurudi. Mgonjwa huhama kutoka duka moja la dawa hadi jingine akitafuta tyubu ya kuumaliza mara moja, na huko ndiko wengi hupata madhara makubwa kuliko ya ugonjwa wenyewe.

Tyubu hiyo haipo. Ukurutu wa muda mrefu hautibiki ukaisha kabisa, ila unaweza kudhibitiwa hadi mtu akakaa miezi bila kuwashwa. Ngozi ya mgonjwa ni kama mtungi wenye nyufa: maji yaliyomo hutoka na ngozi hukauka, huku sabuni, vumbi na viini vya maradhi vikiingia. Mwili hujibu kwa kuvimba na kuwasha. Mtu akijikuna, nyufa huongezeka. Hali hii kwa kiasi fulani hurithiwa, na ni kawaida kukuta katika familia moja watu wenye ukurutu, pumu au mafua ya mzio. Hauambukizi kwa kusalimiana, kulala kitanda kimoja wala kutumia beseni moja, na si dalili ya uchafu wala ya kurogwa.

Maelezo mengi ya ugonjwa huu husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kwa shida. Sehemu iliyoathirika huwa ya kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu, na pengine yenye vipele vidogo vidogo. Ikishapona huacha mabaka meusi au meupe. Mabaka hayo si ugonjwa unaoendelea, na mengi hufifia yenyewe baada ya miezi kadhaa. Kuyasugua au kuyapaka krimu za kung'arisha ngozi huanzisha muwasho upya.

Msingi wa matibabu ni mafuta, na yapakwe hata siku ambazo ngozi haina tatizo. Hapa ndipo wengi hukosea: hupaka wakiwashwa, huacha wakipata nafuu. Mafuta ya kawaida ya mgando yasiyo na manukato yanatosha na bei yake ni nafuu. Losheni nyingi zina maji mengi na manukato, hivyo husaidia kidogo au huwasha. Mgonjwa aoge mara moja kwa siku kwa maji ya vuguvugu, kwa dakika 5 hadi 10, sabuni aitumie kwapani, sehemu za siri na miguuni tu, kisha ajifute kwa kugusagusa taulo na apake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Ikiwezekana apake tena mchana na usiku. Tahadhari moja: nguo na shuka zilizolowa mafuta hushika moto upesi, kwa hiyo aliyejipaka awe mbali na jiko la kuni, mkaa au mshumaa.

Ngozi ikichachamaa, mafuta peke yake hayatoshi. Hapo huhitajika krimu ya steroidi, ambayo huogopwa na baadhi ya watu na kutumiwa ovyo na wengine. Ikitumiwa kwa nguvu inayofaa, kwa siku ambazo mhudumu wa afya ameelekeza, ni dawa salama. Haidrokotisoni ya 1% ni hafifu na ndiyo hutolewa mara nyingi kwa uso. Betamethasoni ina nguvu zaidi. Klobetasoli ni kali mno, na haifai kupakwa usoni kwa uamuzi wa mtu mwenyewe. Kipimo chake ni rahisi: dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo cha kwanza hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Krimu kali ikipakwa kwa miezi hufanya ngozi kuwa nyembamba, yenye michirizi na chunusi. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kudhuru uwezo wa kuona. Tyubu zinazochanganya steroidi na dawa ya fangasi na ya bakteria, ambazo huuzwa kama tiba ya kila kitu, huficha choa kikaendelea kuenea chini kwa chini. Aliyezizoea kwa muda mrefu asiziache ghafla bila ushauri, kwani ngozi inaweza kulipuka vibaya. Sindano na vidonge vya steroidi navyo huleta nafuu ya haraka, lakini mara nyingi ukurutu hurudi vikikoma.

Kazi ya mtu nayo ichunguzwe. Saruji mbichi, sabuni ya unga, dawa za saluni na utomvu wa mkonge huumiza mikono iliyo na ukurutu. Glovu za mpira husaidia, zikivaliwa juu ya glovu za pamba ili jasho lisikae kwenye ngozi. Katika Taita Taveta, baridi ya Wundanyi hukausha ngozi, ilhali joto na jasho la Voi na Taveta huiwasha. Nguo nyepesi za pamba hufaa kote.

Iwapo watu wengine nyumbani wanajikuna usiku, huenda ni upele, ambao huambukiza na una dawa yake. Ngozi ikitoa majimaji au magamba ya manjano, huenda imeingiwa na bakteria. Yakitokea malengelenge madogo yenye maumivu pamoja na homa, mgonjwa afike hospitalini siku hiyo hiyo.

Kwa mengine yote aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, akiwa amebeba kila tyubu aliyowahi kutumia, hata iliyokwisha. Ukurutu usiosikia krimu una dawa nyingine, na mhudumu anaweza kumwandikia mgonjwa rufaa ya kumwona daktari wa ngozi.